Mtu Aliyepotewa na Harufu Baada ya Mafua

(Mazungumzo ya afya kwa watu wa Kwale, Diani na Msambweni)



Na afikiriwe mama wa Msambweni aliyepatwa na homa na mafua makali. Homa imekwisha, na kifua kimepoa. Lakini akibandika samaki wa nazi jikoni hasikii harufu yo yote. Asumini aliyovaa haimnukii. Wali umeungua, na moshi umemfikia machoni kabla ya kumfikia puani. Jirani wasema amerogwa, naye aona haya kusema.

Huo si uchawi. Ni ugonjwa ujulikanao. Tangu korona ilipotangazwa kuingia Kenya mwezi wa Machi 2020, wengi wameusikia. Na hata kabla ya hapo mafua ya kawaida yaliweza kuuleta.

Juu kabisa ndani ya pua mna utando mdogo wenye ncha za mishipa ya fahamu ipelekayo habari za harufu ubongoni. Kando ya mishipa hiyo mna chembe za kuitegemeza. Virusi vya korona huzishambulia hasa chembe hizo, nazo zikiharibika, mishipa hushindwa kazi. Lakini mwili waweza kuiotesha tena polepole, kama mgomba uliokatwa utoavyo chipukizi. Ndiyo sababu wengi hupona baada ya majuma au miezi michache, ingawa wengine huchelewa zaidi ya mwaka.

Je, iko dawa? Mwaka 2009 Profesa Thomas Hummel na wenzake wa mji wa Dresden, Ujerumani, walitangaza matokeo ya kuizoeza pua kwa harufu nne: waridi, limau, karafuu na mkaratusi. Mgonjwa hunusa kila moja kwa sekunde kumi hivi, asubuhi na jioni, kwa majuma 12 au zaidi. Anaponusa, na akumbuke harufu hiyo ilivyokuwa zamani. Zoezi hili halimponyi kila mtu, lakini limewasaidia wengi, wala halina gharama kubwa: karafuu na malimau hayakosekani pwani.

Yawezekana katikati ya safari hiyo kahawa ikanuka kama kitu kilichooza. Mgonjwa asikate tamaa. Mara nyingi hiyo ni alama ya kwamba mishipa yaanza kuamka.

Tena kuna mambo ya kuepukwa. Mtu asitie puani mafuta ya taa, wala maji ya limau, wala dawa asiyoandikiwa na daktari. Sigara na iachwe. Aliyepotewa na harufu baada ya kuanguka au kupigwa kichwani, au atokwaye damu upande mmoja wa pua, asingoje. Na aende hospitali. Vivyo hivyo yule ambaye majuma kadhaa yamepita bila nafuu.

Lakini hatari kubwa imo nyumbani. Asiyenusa hajui gesi inayovuja, wala makuti yanayoanza kuungua, wala samaki aliyeharibika. Basi mtoto au jirani na awe pua yake: amnusie samaki kabla ya kupikwa, na mtungi wa gesi ufungwe kila baada ya kupika.

Kwa hiyo aliyepatwa na jambo hili asijifiche. Akiwaambia watu wa nyumbani mwake, atapata wa kumlinda, na akivumilia zoezi lake kila siku, huenda asubuhi moja asumini ikamnukia tena.