Bashingantahe, Mahakama na Adhabu ya Mwanamke

(Hotuba iliyotolewa kambini na mama mmoja wa Rumonge, Siku ya Wanawake Duniani, tarehe 8 Machi)



Nimeombwa niseme juu ya mwanamke na adhabu. Sikusomea sheria. Kabla ya kukimbia niliuza mawese na ndagala sokoni Rumonge, basi nitaanza na ya kwetu.

Wengi wenu mmekua mkiona wazee wameketi, fimbo ya intahe ikigongwa chini, watu wakinyamaza. Mzee alisimikwa pamoja na mkewe, lakini mke hakukata kesi. Mwanamke alisemewa na baba au mume. Akikosa, mume alilipa mbuzi au pombe, na mambo yakaisha bila mtu kufungwa. Hapo mila ilimhifadhi. Lakini aliyepigwa naye alirudishwa kwa mume kwa mtungi ule ule wa pombe.

Namkumbuka jirani yetu mmoja pwani, upande wa kuelekea Nyanza-Lac. Mara tatu wazee walimrudisha nyumbani. Mara ya nne hakwenda kwa wazee. Mume alipomshika koo alitwaa mchi akampiga, na mume akafa. Mahakamani aliulizwa kama ni yeye aliyepiga, akajibu ndiyo. Hakuna aliyemwuliza amepigwa miaka mingapi, na wale wazee waliojua yote hawakwenda kusema. Akaingia gerezani na mtoto mgongoni. Sisemi hana kosa, mtu alikufa. Nasema adhabu ilipimwa kwa nusu ya habari.

Mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ulipitisha Kanuni za Bangkok. Kanuni ya 61 inataka mahakama ziweze kutazama maisha aliyotoka mwanamke na mzigo wake wa kulea kabla ya kumhukumu. Ya 64 inasema mwenye mimba au watoto wanaomtegemea apewe adhabu isiyo ya kifungo, inapowezekana. Sheria zilizoandikwa nazo zilikuwa na upendeleo wake: ng'ambo ya ziwa, Kongo, sheria ya familia ya 1987 ilimwadhibu mke kwa uzinzi wowote, na mume pale tu uzinzi wake ulipokuwa tusi kubwa kwa mkewe. Ilirekebishwa mwaka 2016.

Hapa tunaishi chini ya sheria ya Tanzania. Jinai ni ya polisi na mahakama, siyo ya baraza la wazee, na Sheria ya Ndoa ya 1971 haimpi mume haki ya kumpiga mkewe. Kwa hiyo wazee wetu, kipigo na kubakwa msivimalize kwa pombe.

Kazi ninayowaomba ni nyingine. Mama akikamatwa porini akitafuta kuni bila kibali, au kwa kosa lolote, mmoja wenu amfuate mahakamani. Kabla ya adhabu hakimu husikiliza shufaa. Yule mama wa milimani, Kiswahili chake cha kubabaisha, atasema tu "naomba msamaha". Semeni ninyi ana watoto wangapi, nani atawapikia posho, amewahi kukosa au hapana, alilalamika kwenu mara ngapi. Nendeni na daftari la kesi. Kama hamna daftari, anzeni kuandika, tena mpate mama wa kuketi nanyi.

Mwenyekiti ameahidi kwamba jambo hili litajadiliwa katika kikao kijacho cha Kamati. Nitakuwapo.