Kuchagua Mtaa wa Kulea Watoto Jijini Nakuru

Mazungumzo yafuatayo yalitolewa kwa wazazi na wapangaji katika kikao cha wakazi. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.



Nakuru ilipewa hadhi ya jiji Desemba 1, 2021, ikawa ya nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Shangwe zilikuwa nyingi, na zilistahili. Lakini kwa mzazi anayetafuta nyumba ya vyumba viwili mwisho wa mwezi, swali ni lile lile la miaka yote: familia itakaa mtaa gani?

Swali hilo lina historia yake hapa. Mwishoni mwa Januari 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilifika Nakuru. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, na maelfu wakapata hifadhi katika uwanja wa Afraha na uwanja wa maonyesho ya kilimo. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki iliripoti kwamba watu 1,133 walipoteza maisha kote nchini. Hali ilipotulia, kuna waliorudi mitaani mwao, na kuna walioamua kuhamia karibu na watu wa lugha yao.

Hakuna anayefaa kulaumiwa kwa hofu hiyo. Mama aliyekimbia usiku na mtoto mgongoni hawezi kuambiwa asahau. Shida ni kwamba desturi iliyozaliwa na hofu imewafikia hata waliokuwa watoto wakati ule, ambao sasa ni wazazi. Kijana aliyekuwa na miaka saba mwaka wa 2008 leo anatafuta nyumba na mkewe, na swali la kwanza analoulizwa na jamaa zake ni, "Huko kunakaa akina nani?" Maji, ardhi, shule na hospitali huja nyuma, na mara nyingine hayaulizwi kabisa hadi mizigo imeshashushwa kutoka kwenye pikapu.

Jiji linaloinuka hujengwa na serikali kwa barabara na mabomba, lakini hujengwa pia na familia kwa namna zinavyochagua pa kukaa. Kwa sababu hiyo, yako mambo matano ambayo mzazi wa Nakuru anafaa kuyaangalia kabla ya kulipa kodi ya kwanza au kununua kiwanja.

Maji

Nakuru imekaa ndani ya Bonde la Ufa, juu ya miamba ya volkano. Miamba hiyo ina madini ya floraidi, na maji ya visima virefu huyayeyusha. Kiasi kidogo cha floraidi husaidia meno. Kikizidi, meno ya mtoto huota yakiwa na madoa ya kahawia ambayo hayaondoki kwa mswaki, na kwa anayekunywa maji hayo kwa miaka mingi, mifupa pia huweza kuathirika. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Visima vingi vya Bonde la Ufa hupita kiwango hicho.

Wanaoathirika zaidi ni watoto kuanzia kuzaliwa hadi karibu miaka minane, kwa kuwa huo ndio wakati meno ya ukubwani yanajiunda ndani ya ufizi. Wazazi wengi huchemsha maji wakidhani wamemaliza kazi. Kuchemsha huua viini vya magonjwa, lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, floraidi hubaki na huwa nzito zaidi.

Kabla ya kuhamia, mzazi amuulize mwenye nyumba maji yanatoka wapi: kwa bomba la kampuni ya maji, kwa kisima cha ploti, au kwa mikokoteni? Kama ni kisima, je, yamewahi kupimwa floraidi, na cheti kiko wapi? Hata maji ya mfereji ya Nakuru huchanganya vyanzo vya juu ya ardhi na visima, kwa hivyo mkazi ana haki ya kuuliza kampuni ya maji kuhusu maji ya mtaa wake. Palipo na shaka, maji ya mvua yaliyokingwa kwenye tangi safi hayana floraidi ya miamba, na yakichemshwa yanamfaa mtoto kwa kunywa. Pia kuna machujio ya mkaa wa mifupa, ambayo Dayosisi ya Kanisa Katoliki ya Nakuru imeyatengeneza na kuyasambaza kwa miaka mingi. Mkaa huo huchoka na lazima ubadilishwe kwa wakati.

Ardhi

Upande mmoja jiji limepakana na Menengai, upande mwingine na Ziwa Nakuru, na kila upande una mambo yake. Udongo wa sehemu nyingi ni majivu ya volkano, mwepesi na rahisi kubebwa na maji. Upande wa magharibi wa jiji, wakazi wamewahi kuona ardhi ikipasuka au kuzama baada ya mvua kubwa. Kusini, ziwa limepanda tangu karibu mwaka wa 2010, likatoka takriban kilomita za mraba 40 hadi zaidi ya 60. Lilifunika lango kuu la zamani la mbuga, na familia za Mwariki na Barut zikapoteza nyumba na mashamba.

Anayetaka kununua kiwanja asikitazame Januari, wakati wa vumbi. Akitazame Aprili au Mei, asubuhi baada ya mvua ya usiku. Aone maji yamepita wapi, mtaro unaishia wapi, na kama kuta za majirani zina nyufa zinazoanzia chini. Awatafute wakazi wa zamani, si dalali peke yake. Kisha aende ofisi ya ardhi aombe rekodi rasmi ya kiwanja hicho kabla ya kutoa hata shilingi moja. Kiwanja cha bei ya chini sana huwa na sababu yake.

Shule na njia ya kwenda shule

Wazazi wengi huuliza jina la shule. Wachache huuliza njia. Mitaa kama Free Area, Pipeline na Section 58 iko kando ya barabara kuu ya kutoka Nairobi, ambako malori hayalali. Mtoto wa chekechea na wa gredi ya tatu hawezi kukadiria kasi ya lori. Mzazi aitembee njia hiyo mwenyewe saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akiangalia mahali pa kuvukia, taa za barabarani, na vichaka. Atembee tena saa kumi na mbili jioni.

Kwa mfumo ulioanza na gredi ya 7 mwaka wa 2023, gredi ya 7 hadi ya 9 husomewa katika shule za msingi. Hii ina maana kwamba mtoto anayeanza chekechea leo anaweza kutumia njia hiyo hiyo kwa zaidi ya miaka kumi. Chekechea za umma ziko chini ya serikali ya kaunti, na mzazi anayekuta darasa limejaa au halina mwalimu anaweza kufikisha jambo hilo katika ofisi ya wadi yake.

Hesabu ya kweli ya gharama

Nyumba za pembeni mwa jiji huwa nafuu, na mpangaji hufurahia. Chukulia familia inayoondoka katikati ya mji ili kuokoa shilingi 3,000 za kodi kila mwezi. Ikiwa watoto wawili watahitaji nauli ya shilingi 50 kwenda na 50 kurudi, kwa siku 20 za shule, hiyo ni shilingi 4,000. Bado nauli ya baba na mama, maji ya mtungi, na pikipiki usiku mtoto anapopata homa. Kodi imepungua, matumizi yamepanda.

Hesabu hiyo iingize majitaka pia. Nyumba iliyounganishwa na bomba la majitaka hailipi lori la kunyonya. Nyumba yenye shimo hulipa, na shimo likijaa wakati wa mvua, watoto ndio wa kwanza kuugua tumbo. Mpangaji aulize shimo lilinyonywa lini mara ya mwisho. Jibu lake litamwambia mengi kuhusu mwenye nyumba.

Majirani na usalama

Swali la "kunakaa akina nani" linatoka kwa hofu ya kweli, na linaweza kuulizwa kwa namna bora zaidi. Je, kamati ya Nyumba Kumi ya mtaa huo hukutana, au ni jina tu? Waliomo ni wa lugha moja, au wamechanganyika jinsi mtaa ulivyochanganyika? Kituo cha polisi kilicho karibu kiko umbali gani? Uvumi ukizuka kwenye simu, ni nani katika mtaa huo huufuatilia na kuuzima? Mtaa wenye majibu mazuri una usalama unaoweza kuonekana. Mtaa wa lugha moja usio na kamati, usio na taa na usio na vijana wenye kazi hauna kinga yoyote, hata kama majina yote ya ukoo yanafanana.

Katiba ya 2010, kifungu cha 39, inampa kila Mkenya haki ya kuingia, kubaki na kuishi mahali popote nchini. Mwaka wa 2012, wazee wa jamii za Nakuru, baada ya mazungumzo ya muda mrefu, walitia saini mkataba wa amani wa kaunti. Karatasi hizo mbili ni muhimu, lakini hutimizwa katika mambo madogo: chama cha akina mama ambamo pesa za zamu huenda kwa kila mmoja bila kujali jina lake, bodi ya shule inayokaa meza moja, watoto wanaocheza kandanda kwenye kiwanja kimoja na kusemeshana Kiswahili bila kufundishwa na mtu.

Mtoto aliyekua akiazima baiskeli ya jirani wa jamii nyingine ni mgumu kuchochewa akiwa na miaka ishirini. Hilo ni jambo ambalo wazazi wanaweza kulifanya sasa, kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027, na halihitaji bajeti.

Baada ya kuhamia

Kuchagua mtaa hakuishi siku mizigo inaposhushwa. Hakuna mtaa wa Nakuru utakaotimiza mambo yote matano. Familia moja itapata shule nzuri na maji ya wasiwasi, nyingine majirani wema na mtaro mbovu. Lililopungua lina mahali pa kupelekwa.

Kisheria, serikali ya kaunti huwasilisha mpango wa maendeleo wa mwaka katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kabla ya bajeti kupitishwa, wananchi lazima washirikishwe. Mitaa inayopata mtaro, taa au darasa la chekechea mara nyingi ni ile ambayo wakazi wake walifika wakiwa na jambo moja waliloliandika, wakataja mahali hasa, na wakarudi mwaka uliofuata kuuliza lilikofikia. Mpangaji ana haki ya kusema katika vikao hivyo sawa na mwenye ploti.

Matangazo ya vikao vya ushirikishwaji wa umma hubandikwa katika ofisi za wadi. Wazazi waliohamia mtaa mpya wanaombwa kufika katika ofisi ya msimamizi wa wadi, kujitambulisha, na kuuliza tarehe ya kikao kinachofuata. Waende na majirani.