Nani Ahesabiwe? Dini, Utawala na Nasaba katika Yuda ya Zama za Waajemi



Mada niliyopewa ni pana mno, nami nimeona heri niifungie katika jimbo moja na zama moja: jimbo dogo la Yuda chini ya himaya ya Waajemi, tangu Koreshi alipoitwaa Babeli mwaka 539 K.K. hata mwishoni mwa karne ya tano. Muradi wangu ni kudhihirisha kwamba Maandiko ya Kiebrania, katika suala la nani ahesabiwe kuwa wa umma wa Mungu na nani asihesabiwe, hayakutuachia hukumu moja bali yametuhifadhia mjadala mzima; na msomaji asikilizaye upande mmoja tu wa mjadala huo huyadhulumu Maandiko yenyewe.

Upande wa kwanza husemewa na vitabu vya Ezra na Nehemia. Nehemia, aliyekuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta, aliwasili Yerusalemu mwaka 445 K.K., akawa liwali wa jimbo, akaujenga ukuta. Na aliporudi mara ya pili aliwakuta watoto ambao nusu ya usemi wao ilikuwa Kiashdodi, na mjukuu mmoja wa kuhani mkuu Eliashibu amekuwa mkwe wa adui yake, Sanbalati wa Samaria, naye Nehemia akamfukuza mjukuu huyo. Katika Ezra, wanaume wanaamriwa kuwaacha wake wa kigeni, na mbiu inapigwa kwamba yeyote asiyefika Yerusalemu katika muda wa siku tatu, mali yake yote itatwaliwa, naye atatengwa na jamaa ya waliorudi kutoka uhamishoni. Tuitazame vema adhabu hiyo, kwa maana inagusa mali na uanachama kwa pamoja: waliorudi walikuta ardhi ya baba zao ina wakazi wengine, na nasaba iliyoandikwa ikawa ndiyo ithibati ya haki, hata makuhani walioshindwa kuionyesha yao katika orodha waliondolewa katika ukuhani. Suala la ibada na suala la shamba, basi, yalikuwa yamefungamana.

Upande wa pili husemewa na kitabu cha Ruthu. Torati inamkataza Mmoabi asiingie katika kusanyiko hata kizazi cha kumi. Ilhali msimulizi hachoki kutukumbusha kwamba Ruthu ni Mmoabi, kisha analeta habari yake langoni mwa Bethlehemu, mbele ya wazee kumi, ambako Boazi anakomboa shamba la jamaa ya marehemu mumewe na kumposa Ruthu mjane katika shauri lilo hilo, na Ruthu anamzaa Obedi, babu yake Daudi. Maulamaa hawaafikiani kuhusu wakati kitabu hiki kilipoandikwa. Lakini madhali kilihifadhiwa pamoja na Ezra, hakikosi kusomwa kama jibu kwake. Kadhalika, sura ya 56 ya Isaya inamkataza mgeni aliyeambatana na Bwana asijidhanie kuwa ametengwa na watu wake.

Ushahidi wa tatu umetoka ardhini. Katika kisiwa cha Elephantine, kwenye Mto Nile mkabala na Aswan, paliishi askari Wayahudi wa dola ya Waajemi, na hati zao za Kiaramu zimesalimika. Mwaka 449 K.K. Anania, mtumishi wa hekalu lao la Mungu Yaho, alimwoa Tamet, mjakazi wa Kimisri, kwa mkataba ulioandikwa, na hakuna dalili humo kwamba ndoa hiyo ilihesabiwa aibu. Hekalu hilo lilipobomolewa mwaka 410 K.K., wakuu wao waliwaandikia liwali wa Yuda na pia wana wa Sanbalati huko Samaria, Delaya na Shelemia, ambao majina yao yamebeba jina la Mungu yule yule. Na jibu la kuliruhusu lijengwe upya likatoka kwa liwali wa Yuda na Delaya kwa pamoja. Sanbalati, adui wa Nehemia, alikuwa basi baba wa watu waliotazamwa na Wayahudi wa Misri kama ndugu katika imani.

Sisemi haya ili kumhukumu Nehemia. Umma ambao mji wake ulichomwa moto na Wababeli, na wakuu wake wakahamishwa, ulikuwa na sababu ya kuogopa kuyeyuka katikati ya mataifa. Lakini insafu yatudai tukumbuke pia kwamba kitabu cha Ezra, kinachowaorodhesha waume kwa majina, hakimtaji hata mke mmoja kwa jina lake, wala hakituletei neno lao.

Kwa hiyo napendekeza, katika madarasa yetu, Ezra na Ruthu visomwe bega kwa bega, na kila mwanafunzi azoezwe kuuliza ni nani anayenena, chini ya dola gani, na ardhi ya nani inagombewa. Waliokusanya Maandiko waliziweka sauti zote mbili katika mkusanyiko mmoja ingawa zinapingana. Amana hiyo na tuwafikishie wanafunzi wetu ikiwa kamili, bila kuipunguza upande wowote.