Mama, Usifute Ujumbe Huo

Leo tuzungumze juu ya usalama wa watoto wetu kwenye simu na intaneti.

Mama mmoja alimleta kliniki binti yake wa miaka 13. Mtoto halali, hali, na kichwa kinamuuma kila siku. Tulipima malaria, hana. Nilipobaki naye peke yake ndipo akalia. Mtu aliyejifanya msichana wa rika lake alikuwa amemrubuni ampelekee picha ya uchi. Sasa anamtisha: leta nyingine, la sivyo nitaisambaza. Mama aliposikia aliinua mkono ampige, kisha akashika simu afute kila kitu. Nikamsihi, "Mama, ngoja."

Nilimzuia kwa sababu sheria iko upande wa mtoto. Sheria ya uhalifu wa kompyuta ya mwaka 2018 inasema anayesambaza picha chafu za watoto aweza kufungwa hadi miaka 25, au kutozwa faini hadi shilingi milioni 20, au yote mawili. Sheria ya Watoto ya 2022 nayo inakataza kumdhulumu mtoto kupitia mtandao. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilitoa mwongozo unaozitaka kampuni za simu na intaneti kuwakinga watoto.

Lakini polisi hawawezi kumfuata mtu bila ushahidi. Ukifuta, umemsaidia mhalifu. Kwa hivyo:

Kwanza, usimpige mtoto. Mwambie mwenye hatia ni yule aliyemdanganya.

Pili, usifute kitu. Andika namba, jina linalotumiwa na tarehe. Picha usimtumie mtu yeyote, hata shangazi yake, kwani kuisambaza ni kosa.

Tatu, usimlipe anayetisha wala kujibizana naye.

Nne, piga simu 116, bila malipo, mchana au usiku. Au ipeleke simu hiyo kwa polisi upesi.

Tano, ikiwa mtoto alikutana na mtu huyo akanajisiwa, mlete hospitali mara moja, kabla ya saa 72 kwisha. Asioge kwanza.

Mama yule alirudi baada ya wiki mbili. Alikuwa ameshapiga ripoti, na binti ameanza kulala usiku.

Jioni ya leo, mwulize mtoto wako anaongea na nani kwenye simu. Uliza kwa upole, umsikilize hadi amalize.