Nyuma ya Mguu: Nyama za Paja na Vigimbi kwa Mtunisha Misuli

Mada kwa semina ya walimu wa mazoezi wa jimu za mitaani, Dar es Salaam

1. Utangulizi

Nimeombwa nizungumzie mazoezi ya miguu kwa ajili ya kuongeza ukubwa wa misuli. Mada ni pana na muda ni mfupi, kwa hiyo yale ambayo kila mmoja humu ndani anayajua nitayapitia haraka. Lishe ina mtoa mada wake. Mimi nitasema tu kwamba gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku zinawatosha walio wengi, yaani gramu 112 kwa kijana wa kilo 70, na kwamba dagaa na maharage vinahesabika. Dawa za kukuza misuli waratibu wameniomba nisiziguse, nami sitazigusa.

2. Maana ya maneno

Msuli hukua unapobebeshwa kazi hadi karibu na kikomo chake, ukalishwa, ukalazwa, kisha ukarudishwa kazini. Uchambuzi wa Brad Schoenfeld na wenzake uliochapishwa 2017 ulionyesha kwamba kufanya seti 10 au zaidi kwa wiki kwa kila msuli huleta ukuaji mkubwa kuliko kufanya chini ya seti 5. Mguu una misuli minne ya mbele ya paja, makalio, misuli ya ndani ya paja, misuli ya nyuma ya paja, ambayo nitaiita nyama za paja kama wanavyosema watangazaji wa mpira, na vigimbi. Maana ya maneno imetosha.

3. Tatizo lenyewe

Katika jimu zetu nyingi siku ya miguu ni siku ya skwati. Kijana anapiga seti tano, anaondoka akichechemea, na mwalimu anaandika daftarini kwamba miguu imefanyiwa kazi. Iliyofanyiwa kazi ni nusu ya mbele. Miaka inapita, kijana anapanda jukwaani, ukimtazama kwa mbele unapiga makofi. Akigeuka, makofi yanaisha.

Nimekuwa nikilisema jambo hili kwa miaka mingi, na jibu ninalopewa ni kwamba skwati ni mfalme wa mazoezi. Sibishani na ufalme wake. Ila mwaka 2019 Kubo na wenzake huko Japani walichapisha matokeo ya vijana waliopiga skwati mara mbili kwa wiki kwa wiki 10, kundi moja likishuka hadi chini kabisa na jingine likiishia nusu. Misuli ya mbele ilikua kwa wote, karibu sawa. Makalio na misuli ya ndani ya paja ilikua zaidi kwa walioshuka chini. Nyama za paja hazikukua kwa kundi lolote.

Sababu yake inaeleweka. Nyama za paja, ukiacha kipande kimoja kifupi, zinaanzia kwenye mfupa tunaoukalia na kuishia chini ya goti, kwa hiyo zinavuka viungo viwili. Ukichuchumaa, nyonga inajikunja na kuzivuta kwa juu, na papo hapo goti linajikunja na kuzilegeza kwa chini. Urefu wake unabaki karibu palepale, na mzigo unabebwa na wengine. Ili zikue, ama nyonga ijikunje goti likiwa karibu limenyooka, ama goti lijikunje kwa kushindana na mzigo. Na ikiwezekana zifanye kazi zikiwa zimevutika: utafiti wa Maeo na wenzake wa 2021 ulifundisha mguu mmoja kwa mashine ya kukunja goti ukiwa umekaa na mguu wa pili kwa mashine ya kulala kifudifudi. Baada ya wiki 12, mguu wa kukaa ulikuwa umeongezeka takriban asilimia 14 na ule wa kulala asilimia 9. Mtu ni yuleyule, seti ni zilezile. Aliyekaa amekunja nyonga, kwa hiyo nyama za paja zimevutika kabla hajaanza.

Vigimbi vina habari hiyohiyo, tena kwa uwazi zaidi. Msuli unaoonekana, wenye vichwa viwili, unaitwa gastroknemiasi, nao unaanzia juu ya goti. Chini yake umejificha soleasi, unaoanzia chini ya goti. Ukikaa na kuinua visigino goti likiwa limekunjwa, ule wa juu unalegea na soleasi inabaki peke yake. Mwaka 2023 Kinoshita na wenzake walilinganisha kusimama na kukaa kwa wiki 12. Kichwa cha nje cha gastroknemiasi kiliongezeka asilimia 12.4 kwa kusimama na asilimia 1.7 kwa kukaa. Cha ndani asilimia 9.2 dhidi ya 0.6. Soleasi haikutofautiana sana. Hata hivyo, ukiingia kwenye jimu yenye mashine moja tu ya vigimbi, mara nyingi utaikuta ni ya kukaa. Sitaki kuilaumu taasisi yoyote, lakini jimu moja niliyoombwa ushauri ilipopata fedha ilinunua benchi la tatu la kifua. Niliandika barua. Benchi bado lipo.

Nataka pia kugusa lile neno linalouzwa mitaani kwamba vigimbi ni vya kurithi. Kuna ukweli ndani yake. Mahali msuli unapoishia na kano inapoanzia ni mahali mtu amezaliwa napo, na hakuna zoezi litakalopahamisha. Unene ni jambo jingine. Arnold Schwarzenegger mwenyewe ameeleza kwamba vigimbi vyake vilikuwa dhaifu hadi alipofanya mazoezi na mtunisha misuli Reg Park, aliyekuwa akiishi Johannesburg, na kumwona akiinua visigino na mzigo wa ratili 1,000, takriban kilo 450. Aliporudi alikata suruali zake za mazoezi ili kila mtu auone udhaifu wake. Vijana wetu hufanya kinyume chake, huvaa suruali ndefu ya jezi hata kwenye joto la Februari.

Suruali hiyo imepata msaada kutoka juu. Mwaka 2012 IFBB, shirikisho la kimataifa la watunisha misuli, ilipitisha daraja la wanaume wanaoshindana wakiwa na kaptura pana. Ni daraja halali, na wanaoshiriki humo ni wanamichezo kamili. Lakini huku mitaani limegeuka kichaka cha kujifichia. Vijana wanasahau kwamba katika madaraja ya wazi, kati ya mapozi saba ya lazima ya wanaume, manne humwonyesha mtu kwa ubavu au kwa nyuma, na kwenye mapozi hayo mguu mmoja husimamishwa kwa vidole ili kigimbi kijitokeze. Waamuzi hawakiangalii kwa bahati mbaya.

Lazima niwe mkweli pia kuhusu vifaa. Jimu nyingi za mitaani zina vyuma vya saruji iliyomiminwa kwenye makopo, benchi la mbao, na hazina stendi ya skwati. Mtu anapiga skwati kwa uzito ule tu anaoweza kuunyanyua mwenyewe hadi mabegani, ambao kifua na mabega yake vinauweza, wakati mapaja yanataka mara mbili yake. Nyuma ya mguu haina kisingizio hicho, kwa sababu mazoezi yake bora huanzia chini sakafuni.

4. Mapendekezo

Kwanza, mwalimu asiandike kwamba miguu imefanyiwa kazi kama hakuna zoezi la nyuma ya paja na la kigimbi. Nimeshalisema, nalirudia.

Pili, dedilifti ya Kiromania iwe zoezi la lazima. Chuma kishushwe taratibu kikikwaruza mapaja, makalio yarudi nyuma, goti likunjwe kidogo tu, mgongo usipinde. Ukishasikia nyama za paja zimevutika, rudi juu. Marudio 8 hadi 12 yanafaa.

Tatu, jimu isiyo na mashine ya kukunja goti itumie zoezi la Kinodiki. Mtu anapiga magoti, mwenzake anashika vifundo vyake, naye anajishusha mbele polepole huku akijizuia. Ni zoezi la bure na ni kali, kwa hiyo anayeanza apewe marudio matatu au manne kwa seti mbili, siyo zaidi. Mwanafunzi akipata maumivu makali kupita kawaida, akavimba, mkojo ukawa wa rangi ya kahawia iliyokolea, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Hilo halitibiwi kwa kuchua.

Asiyeliweza kabisa alale chali kwenye sakafu laini ya vigae, visigino juu ya kitambaa, anyanyue makalio, kisha avute visigino kuelekea makalio na kuvirudisha.

Vigimbi vifanywe kwa kusimama, goti limenyooka, kwenye ngazi au tofali, mguu mmoja mmoja. Dumu la lita 20 lililojaa maji ni kilo 20 mkononi. Kisigino kishuke chini ya ngazi, kitulie hapo sekunde mbili, ndipo kipande. Kudundadunda juu juu ninakoona kila jioni hakujengi chochote.

Seti zihesabiwe. Kumi kwa wiki kwa nyama za paja na kumi kwa vigimbi, zikigawanywa siku mbili, ni lengo linalofikika hata kwa fundi anayeingia jimu saa moja usiku. Anayeanza aanze na tano.

Skwati ibaki, tena ishuke chini kadiri nyonga na vifundo vinavyoruhusu, kwa sababu ya makalio na misuli ya ndani. Wenye jimu wachomelee stendi. Fundi wa geti anaiweza. Fedha zikipatikana, mashine ya kukunja goti kwa kukaa inunuliwe kabla ya benchi jingine la kifua. Nalirudia hili kwa makusudi, kwa kuwa humu ukumbini wapo wenye jimu.

Waandaaji wa mashindano ya mtaa nawaomba, kwa heshima zote, wafikirie kuwageuza washiriki wa madaraja ya wazi kwa muda uleule wanaotazamwa kwa mbele. Na mwalimu apige picha ya mwanafunzi wake kwa nyuma kila mwezi, pahali palepale na mwanga uleule, amwonyeshe. Maneno yangu hayajawahi kumshawishi kijana kama picha hiyo.

Baada ya chakula tutalifanya zoezi la Kinodiki kwa vitendo. Kila mmoja atamshika mwenzake vifundo, mimi nikiwemo. Magodoro yapo mlangoni, na anayeumwa goti aniambie mapema.