Uwanja wa Saa Kumi Jioni: Michezo, Utambulisho na Usawa Katika Pwani ya Lindi

Mpira wa miguu ndio mchezo unaowakusanya watu wengi zaidi katika pwani ya Lindi, na Mingoyo ni mahali pazuri pa kuanzia kuutazama. Mji huu mdogo uko pale mto Lukuledi unapokutana na maji ya chumvi, jirani na njia panda ya Mnazi Mmoja, ambako barabara itokayo Dar es Salaam hugawanyika: moja ikaelekea Mtwara, nyingine ikapanda kwenda Mtama, Nyangao na Masasi. Mashamba ya mkonge ya enzi ya ukoloni yaliwakutanisha katika ukanda huu Wamwera, Wamakonde, Wayao, Wangindo na wahamiaji kutoka ng'ambo ya mto Ruvuma. Watu wenye asili mbalimbali kiasi hicho walihitaji jina la kuwaunganisha lisilokuwa la kabila. Timu ya mpira ni miongoni mwa vitu vilivyowapa jina hilo.

Michezo ya mashindano haikuingia pwani na mpira. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, ngoma ya beni ilienea katika miji ya Afrika Mashariki, Lindi ikiwemo, kwa vyama viwili vilivyoshindana: Marini na Arinoti. Marini walijihesabu kuwa wastaarabu wa mjini. Arinoti walikuwa zaidi watu wa hali ya chini na wageni. Vyama hivyo vilikuwa na sare, vyeo, michango ya mazishi na wapenzi waliokuwa tayari kutumia fedha nyingi ili mahasimu waaibike. Ukisoma habari za beni, ni vigumu kutoiona klabu ya mpira ya leo. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na mwaka uliofuata ikazaliwa klabu iliyokuja kuitwa Sunderland, kisha Simba kuanzia mwaka 1971. Klabu hizo zilikuta mashabiki ambao tayari walijua maana ya kuwa wa upande fulani.

Ushindani huo uliota katika udongo wa utani. Kusini mwa Tanzania, makabila yaliyowahi kupigana yalijifunza kukaa pamoja kwa kutaniana: mtani humkejeli mtani wake hata msibani, na aliyekejeliwa hana ruhusa ya kukasirika. Simba na Yanga huitwa watani wa jadi, na jina hilo linabeba sheria hiyohiyo. Ndani ya nyumba moja baba anaweza kuwa Yanga na mama Simba. Siku ya mechi hawaelewani, na kesho yake wanakula sinia moja. Ni mafanikio makubwa ya kijamii, na hayapewi uzito unaostahili. Nchi nyingi zimezika watu kwa sababu ya uhasama wa mashabiki.

Hata hivyo, Simba na Yanga ni klabu za Dar es Salaam. Kwa muda mrefu mtu wa Lindi alishangilia jiji ambalo msimu wa masika hakuweza kulifikia kwa barabara, kwani hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko. Kusini ilisemwa kuwa iko nyuma, na wenyeji waliyasikia maneno hayo. Hapo ndipo panapoeleweka furaha iliyozuka Namungo FC ya Ruangwa, mkoani Lindi, ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2019. Katika msimu wake wa kwanza ilimaliza nafasi ya nne, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam mjini Sumbawanga na kufungwa na Simba 2-1. Kwa kuwa Simba alikuwa pia bingwa wa ligi, Namungo ikapata nafasi ya Kombe la Shirikisho Afrika.

Februari 2021 timu ilikwenda Angola kucheza na Primeiro de Agosto, ikazuiliwa huko kwa masharti ya UVIKO-19. Shirikisho la Soka Afrika (CAF) likaamua mechi zote mbili zichezwe Dar es Salaam: Namungo ikashinda 6-2, ikafungwa 3-1, ikaingia hatua ya makundi pamoja na Raja Casablanca na Pyramids. Kule haikufua dafu. Lakini jina la Namungo, kijiji cha wilaya ya Ruangwa, lilikuwa limefika Casablanca na Cairo.

Sifa hiyo ina upande dhaifu. Klabu za mikoani husimama kwa mfadhili na kwa mkono wa viongozi. Uwanja wa Ruangwa wenyewe una jina la Kassim Majaliwa, aliyekuwa mbunge wa jimbo la Ruangwa na Waziri Mkuu. Jirani zao Ndanda ya Mtwara walishuka daraja mwaka 2020, mwaka uleule Namungo ilipong'ara. Utambulisho unaotegemea mfuko wa watu wachache unaweza kuondoka nao.

Ndiyo maana mizizi ya mpira inafaa kutafutwa chini zaidi, kwenye chandimu. Mpira wa chandimu hutengenezwa kwa matambara na mifuko ya plastiki iliyosokotwa, kisha hukazwa kwa kamba, fundo juu ya fundo, hadi ukidunda uinuke kidogo. Magoli ni mawe mawili au ndala. Mtoto wa mwalimu na mtoto wa mvuvi wote wako pekupeku, na anayepangwa ni anayejua. Usawa wa namna hii ni wa kweli, japo ni mfupi: unaanza kuyeyuka siku mmoja anaponunuliwa njumu, na unapungua zaidi kwenye ndondo, mashindano ya mitaani ambako mwenye kutoa mbuzi wa zawadi huwa na neno katika upangaji wa timu.

Lakini kipimo kigumu cha usawa ni saa. Uwanja wa mtaa hutumika kuanzia saa kumi, jua likipoa, hadi magharibi. Saa hizo ndizo msichana anapochota maji, anapokoka moto na kubeba mdogo wake. Akiwa mdogo alicheza rede; shuleni alicheza netiboli; akishavunja ungo, mara nyingi michezo yake huishia hapo. Dini hutajwa kuwa kikwazo, ilhali tangu mwaka 2014 FIFA imeruhusu hijabu uwanjani, na wasichana wa pwani wanaweza kucheza wakiwa wamejisitiri. Kikwazo kikubwa zaidi ni mgawanyo wa kazi za nyumbani.

Uwezo haujakosekana. Ligi Kuu ya Wanawake ilianza msimu wa 2016/17, na Mlandizi Queens, timu ya mji mdogo wa mkoa wa Pwani, ikawa bingwa wa kwanza. Mwaka 2022 Serengeti Girls walikwenda India kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17, wakaifunga Ufaransa 2-1 na kufika robo fainali. Mwaka huohuo Tembo Warriors, wachezaji wenye ulemavu wa viungo wanaocheza kwa magongo, waliiwakilisha nchi kwenye Kombe la Dunia nchini Uturuki. Wote hao walianza kwa kupewa nafasi ya kugusa mpira.

Halmashauri, walimu na kamati za mitaa za Mingoyo na pwani nzima hazihitaji kusubiri mfadhili ili zitoe nafasi hiyo. Ziulinde uwanja wa mtaa usiuzwe kuwa viwanja vya nyumba, ziandike ratiba yake ubaoni, na siku mbili za wiki, saa kumi hadi kumi na mbili, ziwe za wasichana. Na wazazi, siku hizo mbili, wawatume wavulana kisimani.