Maji ya Shule Yanamwagika Juu ya Bati

(Hotuba ya Katibu wa Tawi katika mkutano wa wanachama)

Leo sitasema habari ya mshahara. Nataka kusema habari ya shule ya watoto wetu.

Juma lililopita nilifika huko. Niliwakuta watoto wa darasa la nne wakirudi mtoni na mitungi, na somo la hesabu limekwisha bila wao. Mtungi wa lita 20 ukijaa una uzito wa kilo 20. Mtoto mmoja hauwezi, basi huuchukua wawili wawili. Sisi hukataa kazi isiyo na malipo, nao watoto wetu wanaifanya kila asubuhi.

Penye vyoo hapakuwa na tone la kunawia mikono. Na kando ya darasa limesimama tangi kubwa, kavu, kwa kuwa mfereji wake umevunjika tangu mwaka jana.

Tumlaumu nani? Tulipolijenga tangi lile tulichanga, tukapiga makofi, tukaenda zetu. Hatukumchagua hata mtu mmoja wa kulitunza. Mimi pia nilikuwako, nikanyamaza.

Sasa sikilizeni hesabu. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita mraba 1 ya bati, ni lita 1 ya maji. Paa la urefu wa mita 10 na upana wa mita 6 ni mita mraba 60. Mvua ya milimita 20 italetea lita 1,200. Hata sehemu moja ya tano ikipotea, zabaki lita 960, yaani mitungi 48. Hiyo ni mvua ya siku moja, juu ya darasa moja tu.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya maji safi na salama. Tena sheria ya 2017 yaitaka serikali iwape wasichana waliobaleghe katika shule za umma taulo za usafi bila malipo. Lakini msichana atazibadili wapi, ikiwa choo hakina mlango wala maji? Atabaki nyumbani.

Basi naomba tukubaliane mambo manne kabla ya mvua za vuli:

1. Mafundi wetu watengeneze mfereji na mabati ya kukinga maji chini ya paa.

2. Maji ya kwanza ya mvua yamwagwe, maana yanaosha vumbi na mavi ya ndege. Tangi lifunikwe vema, mbu wasizae humo. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa.

3. Kila choo kiwe na mlango, na nje yake mtungi wenye tundu na kizibo, pamoja na sabuni.

4. Tuchague watu watatu, mmoja wao mama, wa kulikagua tangi kila mwezi na kutuletea habari hapa mkutanoni.

Nasi tutaandika barua kwa halmashauri ya shule, na kwa mwajiri pia, kwa sababu wengi wa watoto wale ni wa wafanyakazi wake. Lakini tusingoje majibu ndipo tununue mfereji.

Ndugu zangu, mali isiyo na mtunzaji haidumu. Nani atakuwa wa kwanza kuandikisha jina lake?